Kugawa Chumba cha Kulala cha Watoto

Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama, Kilimatinde



 Bwana Katibu aliponiuliza nitasema juu ya habari gani, nilimjibu ya kuwa sitasema juu ya mishahara, wala vyeo, wala uhamisho, maana mambo hayo twayasema kila siku barazani hata pasipo hotuba. Nitasema juu ya chumba kimoja tu cha nyumba zetu, nacho ni chumba wanamolala watoto. Huenda wengine wakacheka na kusema, "Hayo ni mambo ya jikoni." Nawaomba wanisikilize mpaka mwisho, kisha wahukumu wenyewe kama neno hili ni dogo.

Sote twajua hali ya nyumba zetu. Mtumishi akipewa nyumba ya kazi, au akipanga kwa watu, mara nyingi hupata sebule, chumba chake na mkewe, na chumba kimoja cha watoto. Watoto wakiwa wadogo hapana shida. Hulala wanne kitanda kimoja, mzungu wa nne, wamebanana kama ndizi katika chane, nao hufurahi. Lakini watoto hawakai wadogo. Mara binti ana miaka 13, na ndugu yake mwanamume ana miaka 11, na wote wawili wangali katika chumba kilekile, na nguo zao zimetundikwa katika kamba moja. Binti hana mahali pa kubadili nguo ila amngoje ndugu yake atoke. Mvulana hana mahali pa kuweka daftari lake ila chini ya mto. Nasi wazazi twapita mlangoni kila usiku na taa mkononi, twaona, kisha twajifanya hatukuona. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili nathubutu kuligeuza neno lao: tujenge ukuta mapema, ili ufa usitokee katika nyumba.

Wako wasemao ya kuwa kumtenga mtoto na mtoto ni desturi ya wageni, na kwamba wazee wetu walilala pamoja wakalelewa vema. Mimi nasema sivyo. Itazameni tembe ya Mgogo, ambayo wengi wenu mmezaliwa ndani yake au mmeona za majirani. Kwa nje ni nyumba moja ndefu yenye dari ya udongo, imezunguka ua wa ng'ombe. Lakini ndani imegawanyika. Kila mke alikuwa na sehemu yake, chumba cha nje na chumba cha ndani, na vilindo vikubwa vya nafaka vilisimama humo kama kuta. Tena kijana aliyekwisha kukua hakulala pamoja na dada zake. Wazee hawakuwa na saruji wala misumari, walakini walijua nani alale wapi, na walijua kwa nini. Sisi tumetoka katika tembe tukaingia katika nyumba za bati zenye vyumba viwili au vitatu, tukachukua kuta za kigeni, tukaiacha ile hekima iliyokuwa ndani ya kuta za wazee.

Wala si wazee wa Ugogo peke yao. Ndugu zetu Waislamu wana mafundisho ya tangu zamani, ya kuwa watoto wafikapo miaka 10 watenganishwe katika malalo yao. Na huko Uingereza, Sheria ya Nyumba ya mwaka 1935 iliamuru ya kuwa nyumba itahesabiwa imejaa kupita kiasi, ikiwa watu wawili wenye umri wa miaka 10 au zaidi, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, wasio mume na mke, hawana budi kulala chumba kimoja. Tazameni jambo hili, mabwana. Watu wa dini moja na watunga sheria wa nchi nyingine, ambao hawakukaa baraza moja wakashauriana, wamefika katika hesabu ileile ya miaka 10. Jambo ambalo watu wa mbali na mbali wamelipatia jibu moja, yafaa nasi tulifikiri.

Pengine mtauliza, kwa nini basi nyumba za watumishi zilijengwa ndogo hivyo? Sababu moja ni ya zamani. Wakati wa utawala wa wageni, mfanyakazi wa Kiafrika mjini alihesabiwa kama mtu mmoja asiye na jamaa. Kule Nairobi, kabla ya mwaka 1950, nyumba nyingi za wafanyakazi Waafrika zilipangwa kwa hesabu ya vitanda, wala si kwa hesabu ya watoto. Na Dar es Salaam, katika zile nyumba za Kariakoo zenye vyumba sita na ukumbi katikati, jamaa nzima iliweza kupanga chumba kimoja tu. Lakini hata humo watu hawakukubali kuishi bila sitara. Walitundika pazia, upande huu kitanda cha baba na mama, upande huu mkeka wa watoto. Pazia lile lilikuwa la bei ndogo, lakini lilikuwa na maana kubwa, lilisema, "Sisi ni maskini wa nafasi, si maskini wa haya." Siku hizi shirika la Umoja wa Mataifa la makazi husema ya kuwa watu wakizidi watatu katika chumba kimoja, hapo nafasi haitoshi. Wangapi kati yetu tutafaulu mtihani huo?

Sasa nataka kusema wazi hatari iliyopo, maana mkutano huu ni wa watu wazima. Chumba kikikosa nafasi, mzazi hutafuta njia, na njia ile iliyo karibu mara nyingi ndiyo mbaya. Wengine humtoa mvulana akalale kwa rafiki, au jikoni, au katika chumba cha duka la mtu. Na hapo baba hajui tena mtoto wake amelala saa ngapi, wala amelala na nani. Wengine humpeleka binti kwa jamaa mjini, eti huko kuna nafasi. Binti aondoka na sanduku lake akiwa mwanafunzi, na baada ya miezi michache twasikia amekuwa mpishi, mfuaji na mlezi wa watoto wa wenyewe, na shule imekoma. Hakufukuzwa na mtu. Alikosa tu futi 5 za chumba katika nyumba ya babaye. Mtoto asipopata mahali kwetu, atapata mahali kwa wengine, na bei ya mahali pale hatuijui.

Tena hapa Kilimatinde tuna jambo letu. Kwa sababu ya hospitali, jamaa hutoka mbali kuleta wagonjwa, nao hufikia kwetu, kama ipasavyo. Mgeni ni baraka, wala sisemi tumfunge mlango. Lakini jiulizeni: mgeni wa kiume akija usiku, ni nani anayeondolewa kitandani? Ni mtoto, na mara nyingi ni binti. Atandikiwa mkeka sebuleni, au mgeni alazwa chumbani mwa watoto pamoja nao. Desturi hii haifai kabisa. Mgeni apewe sebule, atandikiwe vizuri, apewe shuka safi na chandarua. Chumba cha watoto kibaki cha watoto. Chumba kikiwa kimegawanywa, hata mgeni mwenyewe ataona mpaka ulipo, wala hapatakuwa na haja ya kumwambia neno la kumwaibisha.

Nitoke katika haya, niingie katika afya. Wengi hudhani kwamba kugawa chumba kutawanyima watoto hewa. Kweli, kugawa vibaya kwaweza kufanya hivyo; lakini kugawa vizuri kwaweza kuwaponya. Katika miaka ya 1917 na 1918 tabibu mmoja wa jeshi la Waingereza, jina lake J. A. Glover, aliwapima askari waliolala katika mabweni yaliyojaa. Akaona ya kuwa vitanda vikikaribiana chini ya futi moja, askari wengi huchukua kooni vijidudu vya homa ya uti wa mgongo. Vitanda vikitengwa kwa futi 2 na nusu, hesabu yao hupungua. Na mwaka 1918, homa kubwa ya mafua ilipozunguka dunia, katika kambi za Marekani askari walilazwa mzungu wa nne, ili pumzi ya huyu isimfikie huyu. Yaani desturi tuliyoicheka ya kulala kichwa huku na miguu huku ina manufaa yake. Kwa hiyo watoto wawili wakilazimika kulala kitanda kimoja, waacheni walale mzungu wa nne. Lakini iwezekanapo, kila mtoto awe na kitanda chake, na kati ya kitanda na kitanda pawe na futi 2 na nusu.

Liko na jambo la papasi. Homa ya papasi ni adui wa zamani wa Ugogo. Papasi hakai mwilini mwa mtu kama kupe wa ng'ombe. Hukaa katika nyufa za ukuta wa udongo na katika vumbi la sakafu, hutoka usiku akanyonya damu, kisha hurudi katika ufa wake kabla ya kucha. Mwaka 1905 tabibu Mwingereza Everett Dutton alikufa kwa homa hii mjini Kasongo, katika Kongo ya mashariki, alipokuwa akiichunguza, na kijidudu kiletacho homa kikapewa jina lake. Mwaka uleule bingwa Robert Koch aliichunguza homa hiyohiyo katika nchi yetu, iliyokuwa chini ya Wadachi. Nimeyataja haya kwa sababu mtu akisikia neno "kugawa chumba," mara moja hufikiri kukandika ukuta wa fito na udongo. Ukuta wa namna hiyo ukikauka hupasuka, na kila ufa ni nyumba ya papasi karibu na kichwa cha mtoto. Mwenye kuta za udongo azibe nyufa zote kwanza, apige lipu au apake chokaa, na vitanda visiguse ukuta. Asiwaongezee papasi chumba.

Basi, chumba kigawanywe namna gani? Tuchukue mfano wa mtumishi mwenye watoto wanne: msichana wa miaka 13, mvulana wa miaka 11, mvulana wa miaka 8, na msichana wa miaka 7. Chumba chao kina futi 12 kwa urefu na futi 10 kwa upana. Mlango uko katika ukuta mmoja mfupi, na dirisha liko katikati ya ukuta mfupi unaoelekeana nao. Hapa watu wengi hukosea, hukata chumba kwa upana. Wakifanya hivyo, watoto wa upande wa dirisha hupata hewa na mwanga wote, nao hupitia katika malalo ya wenzao kila watokapo. Na wale wa upande wa mlango hukaa gizani kama akiba ya ghala. Huo si ugawaji, ni dhuluma.

Kata chumba kwa urefu. Kiambaza kianzie katikati ya dirisha, ili kila upande upate ubao mmoja wa dirisha, kisha kije kuelekea mlangoni, na kikome futi 3 kabla ya kufika ukuta wa mlango. Zile futi 3 ni njia ya wote. Kila upande sasa una futi 5 kwa upana na futi 9 kwa urefu. Kitanda chenye upana wa futi 2 na nusu na urefu wa futi 6 kikae ukutani upande wa nje, bila kuugusa. Patabaki njia ya futi 2 na nusu, na futi 3 mwishoni kwa meza ndogo na sanduku. Vitanda vya pande mbili vitatengana kwa karibu futi 5, yaani mara mbili ya kipimo cha yule tabibu wa jeshi. Mwingilio wa kila upande ufungwe kwa pazia. Na kama dirisha haliko katikati, basi sehemu ya kiambaza iliyo karibu na dirisha iwe ya pazia, lifunguliwe mchana kutwa na kufungwa usiku.

Kwa kuwa watoto ni wanne, kila upande uwe na kitanda cha ghorofa, kama vile vya mabweni ya shule. Mkubwa alale chini na mdogo juu, lakini mtoto ambaye hajafika miaka 6 asilale juu kabisa, na kitanda cha juu kiwe na ubao wa kuzuia asianguke. Kumbukeni bati letu hapa, jinsi linavyowaka mwezi wa Oktoba na Novemba kabla ya mvua; kati ya godoro la juu na paa pawe na futi 3 au zaidi. Kila kitanda kiwe na chandarua chake, cha juu na cha chini, maana mbu hajali mipaka yetu.

Kiambaza chenyewe kisifike juu. Futi 6 zatosha, ili hewa ipite juu yake na mwanga uenee pande zote mbili. Mkabala wa vitanda vya juu, tundikeni kanga nyepesi wakati wa kulala, na asubuhi iondolewe. Chini pia pabaki nafasi ya inchi chache, ufagio upate kupita na vumbi lisikae.

Sasa nitaeleza vitu vya kutengenezea, nikianza na kilicho rahisi. Cha kwanza ni pazia. Shuka la merikani lafaa, nayo kanga yafaa. Kanga moja ina urefu wa karibu futi 5. Zikishonwa ubavu kwa ubavu na kutundikwa katika waya au ufito kwa urefu wake, doti mbili zatosha kiambaza cha futi 9, tena na mikunjo yake. Pazia halizuii sauti, lakini huzuia macho, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza.

Cha pili ni mabua ya mtama au matete, yaliyofungwa katika fito kwa kamba za mbuyu. Kila mtu hapa ajua kuyafunga, nayo hupatikana baada ya mavuno pasipo kununua. Lakini mabua hukaribisha panya na wadudu, kwa hiyo yabadilishwe kila mwaka, wala yasikandikwe udongo kwa ile sababu niliyokwisha kuieleza.

Cha tatu ni fremu ya mbao za mbili kwa mbili, iliyovikwa plaiwudi, au hata magunia yaliyofuliwa, yakavutwa sana na kupakwa chokaa. Fremu hii isimame juu ya miguu yake yenyewe, ikazwe kwa kabari kati ya sakafu na boriti, isipigiliwe misumari ukutani. Siku ya uhamisho itafunguliwa na kupakiwa garini pamoja na vitanda.

Cha nne ni kabati. Kabati likisimamishwa katikati ya chumba laweza kuwa ukuta na mahali pa nguo kwa pamoja. Lakini lifungwe imara katika boriti, maana watoto hupanda, na kabati huanguka.

Ukuta wa matofali sisemi. Sakafu zetu hazina msingi wa kuuchukua, nyumba nyingi si zetu, na chumba kitakuwa cha giza. Najua wataalamu wa miamba wameliita tabaka moja la mawe ya nchi yetu "saruji ya Kilimatinde". Lakini, mabwana, hatukupewa saruji hiyo ili tuijaze vyumbani mwa watoto wetu.

Onyo moja kubwa ni juu ya moto. Pazia, mabua na magunia ni kuni. Koroboi au mshumaa usiingie kabisa nyuma ya kiambaza. Kama umeme haupo au umekatika, watoto watumie taa ya sola au tochi. Na kama hapana budi kutumia chemli, itundikwe katika zile futi 3 za njia, juu, mbali na nguo, na mzazi aizime mwenyewe.

Kabla ya kukata hata ufito mmoja, fanyeni jambo moja jepesi. Chukueni chokaa, mchore mstari sakafuni pale kiambaza kitakaposimama, mkavipange vitanda, mkakae na mstari huo siku 7. Katika siku hizo mtajua kama mlango wafunguka, kama mtoto agonga kitanda akienda nje usiku, na kama upande mmoja umepata zaidi. Tena waulizeni watoto wenyewe. Mtoto aliyeulizwa ataulinda mpaka. Mtoto aliyeamriwa atauchungulia. Na mama wa nyumba awe ndiye mkuu wa shauri hili, maana yeye ndiye ajuaye nani hukohoa usiku, nani hukojoa kitandani, na nani huogopa giza.

Baada ya kiambaza kusimama, kuna kanuni tatu za kufundisha. Kanuni ya kwanza ni hodi. Pazia halina ubao wa kubisha, lakini lina hodi, na hodi ni ada yetu tangu zamani. Mtu asiinue pazia la mwenzake kabla ya kuitikiwa "karibu," hata baba. Kanuni ya pili ni sanduku. Kila mtoto awe na sanduku au rafu yake, hata ikiwa ni ubao mmoja juu ya matofali mawili, na kitu kilichomo kisiguswe pasipo ruhusa. Kanuni ya tatu ni saa ya kusoma. Meza zile mbili ndogo zinyamaziwe saa moja kila jioni, na redio ya sebuleni ishushwe. Watoto wengi wa watumishi hushindwa mitihani si kwa uzito wa akili, bali kwa kukosa mahali pa kufungua kitabu bila kusukumwa kiwiko.

Najua mtapinga kwa maneno matatu, nami nitajaribu kuyajibu.

La kwanza, mtasema ya kuwa kugawa chumba huzaa choyo, na watoto wataacha kupendana. Neno hili ni zito, maana undugu ni mali yetu. Lakini tazameni ugomvi wa watoto hutoka wapi. Hutoka katika shuka iliyovutwa, kalamu iliyochukuliwa, nguo iliyovaliwa bila kuombwa. Mtoto asiye na chake hawezi kujifunza kutoa, maana hana cha kutoa. Tena hatukigawi chumba mchana kutwa. Mapazia hufunguliwa, watoto hucheza na kula pamoja. Tunagawa usingizi na sitara, hatugawi undugu.

La pili, mtasema juu ya gharama. Nimewaonyesha njia ya doti mbili za kanga, na njia ya mabua isiyo na gharama ila kazi ya mikono. Haba na haba hujaza kibaba. Anayeanza na kanga mwaka huu ataweza fremu mwaka ujao.

La tatu, mtasema, "Nyumba si yangu, na kesho nitahamishwa." Ndiyo sababu nimesema fremu isimame kwa miguu yake. Katika nyumba ya kazi, ombeni ruhusa kwa barua kabla ya kuanza, mkahifadhi nakala ya barua na ya jibu. Makarani hatuhitaji kufundishwa faida ya nakala. Na kumbukeni ya kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka juu ya mzazi wajibu wa kumpa mtoto malazi. Malazi si paa tu. Mtoto aliyelala chini ya paa bila sitara amelazwa nusu.

Bwana Mwenyekiti, namaliza kwa kuomba mambo mawili mbele ya mkutano huu. Kwanza, kila mwanachama apime chumba cha watoto wake kabla ya mkutano ujao, aandike urefu, upana, mahali pa mlango na dirisha, na hesabu ya watoto pamoja na umri wao, majina hayatakiwi. Karatasi hizo zikikusanywa, wenzetu wenye ujuzi wa useremala wataweza kutushauri, nasi tutaweza kununua mbao pamoja kwa bei nafuu kuliko mmoja mmoja. Pili, Bwana Katibu atumie hesabu hizo kuandika kwa wakubwa, kwa adabu na kwa ukweli, kuomba ya kuwa nyumba mpya za watumishi zikijengwa ziwe na vyumba viwili vya watoto, au angalau chumba kimoja chenye madirisha mawili, kiweze kugawanyika bila taabu. Barua yenye vipimo husikilizwa kuliko barua yenye malalamiko.

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Watu hutusifu kwa mashati yaliyopigwa pasi na viti vya sebuleni. Lakini nyuma ya sebule, ndani kabisa, kuna mtoto anayetafuta mahali pa kugeuzia mgongo wake ili avae nguo. Huyo nawaombeni apewe mahali pake mwezi huu, kabla hajaenda kupatafuta nje.